Mashine ya Mama Mapacha

Ngazi za jengo la maduka ya kompyuta zilikuwa zimefurika watu, wanaopanda wakiwakanyaga wanaoshuka, na kila mlango una spika inayopiga kelele kuishinda ya jirani. Katikati ya msukumano huo alipita mwanamke kijana mwenye gauni la bluu la maua meupe, nywele zake zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Mgongoni alibeba mbeleko iliyojaa, na mkono wake mmoja ulikuwa nyuma, ukizuia mzigo usiyumbe.

"Jamani, mpisheni mama, ana mtoto!"

Sauti ilitoka ndani ya duka la kona. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, bisibisi ameichomeka sikioni pale wenzake wanapochomeka kalamu. Alikisukuma kiti chake mwenyewe kikapanda juu ya nyaya na kumfikia.

"Keti, dada. Mtoto kalala?"

"Hajalala. Anaumwa," alijibu, akafungua fundo la mbeleko.

Badala ya kichwa cha mtoto ikatokeza kona ya kompyuta, lile sanduku lenyewe, sipiyu nyeusi yenye mkwaruzo ubavuni. Duka zima likaangua kicheko. Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka sikioni.

"Haki ya Mungu! Na mwingine wa nyumbani unaye?"

"Ninaye wa kike, nimemwacha na bibi yake."

"Basi wewe ni Mama Mapacha. Haya, huyu pacha anaumwa nini?"

"Gemu linakwama. La mbio za magari. Nikiingia kwenye kona picha inaganda, ikija kuzinduka mimi nimeshakula ukuta."

Fundi aliilaza mashine mezani taratibu, kana kwamba kweli ni mtoto, akafungua ubavu wake. Alichungulia, halafu akauliza bila kuinua kichwa, "Wewe ni msusi?"

"Umejuaje?"

"Feni yako imesukwa rasta."

Akavuta kwa koleo ndogo shungi refu la nywele za bandia lililojizungusha kwenye feni. Mwanamke akajifunika uso kwa aibu. Ni kweli, aliwasuka wateja wake sebuleni, hatua chache tu kutoka mashine ilipokaa. Kaka yake ndiye aliyemwachia mashine hiyo alipohamishwa kikazi, baada ya kumfundisha gemu hilo hadi mwanafunzi akamshinda mwalimu.

"Sikiliza, Mama Mapacha. Gemu ni picha nyingi zinapitishwa haraka, moja baada ya nyingine, jicho linadhani ni mwendo. Mashine ikipata joto inachoka, inapitisha chache. Ndiyo hapo gari linaruka kama kiroboto."

"Atapona, Dokta?"

"Nitamtibu mwenyewe."

Alipokwenda kuichukua kesho yake, mashine ilikuwa na nafuu. Haikuruka tena. Lakini alipocheza nyumbani, aliona gari linamjibu kwa uzito, kama mtu anayeitwa akaitika baada ya kumaliza kutafuna. Akairudisha. Fundi akasema labda ni dawa ya kupoza iliyokauka, akaibadilisha. Akairudisha tena. Labda kuna programu zinakula nguvu chinichini, akazifuta. Kila aliporudi alikuta kiti kimeshasogezwa kabla hajafika mlangoni, na juisi baridi imefichwa nyuma ya boksi la kibodi.

Haukupita muda, simu zikaanza.

"Pacha wangu wa chuma hajambo?"

"Hajambo, ila bado mzito. Anamuulizia daktari wake."

"Na mama yake?"

"Mama yake hana shida na mtu."

"Mwongo wewe. Mbona unacheka?"

"Nacheka na wateja wangu. Kata simu, kichwa cha mtu kimebaki nusu!"

Hakuikata. Aliibana kati ya sikio na bega, vidole vikaendelea kusuka. Baba wa mtoto wake alipoondoka alimwachia neno moja tu, kwamba yeye ni mzito, mzito wa kuelewa, mzito wa kila kitu. Neno hilo alikuwa amelikalia kama mtu anavyokalia sanduku lisifunguke. Huyu wa bisibisi alimfanya alisahau. Siku aliyosema, "Mpenzi, Jumapili ijayo nataka nije kwenu nijitambulishe kwa mama," msusi alizima simu akamnyanyua binti yake na kumzungusha chumbani mpaka wote wawili wakapata kizunguzungu.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na majaribio. Kwenye ukumbi wa gemu wa chini ya jengo lile kulikuwa na timu ya wanawake inayokwenda kushindana miji mingine, na nafasi moja, aliyoitamani msusi, ilikuwa wazi. Kila mmoja alitakiwa aje na mashine yake, asije mtu akasingizia mashine ya wenyewe. Kepteni wa timu, mwalimu wa chekechea mwenye sauti nzito, hakuwa na utani kazini.

Kabla ya siku hiyo, msusi aliipandisha mashine dukani mara ya mwisho. "Dokta, nimejaribu kila kona. Ninabonyeza breki, gari linafunga nimeshapita. Mashine umeshaitazama yote." Akaviangalia vidole vyake. "Au ni mimi?"

Fundi alikuwa ameshika kebo. Aliifuta, akaigeuza, akaifuta tena.

"Utafanya vizuri, mpenzi," alisema.

Hakufanya vizuri. Aligonga ukuta kona ile ile aliyoizoea tangu enzi za kaka yake. Kepteni alimwekea mkono begani. "Mdogo wangu, njia unaijua vizuri sana. Ila mkono wako unachelewa. Ni mzito."

Neno likatoka sandukuni.

Kesho yake alimsuka mteja akafumua, akasuka akafumua, mpaka mteja akamuuliza kama anaumwa. Jioni kaka yake akapiga simu.

"Umepata nafasi, dada?"

"Sijapata. Nimezeeka mikono, kaka."

"Mikono ya kwetu haizeeki. Washa mashine, tuitazame."

"Fundi ameshaitazama mpaka imechoka."

"Washa nakwambia."

Akaiwasha, binti yake kamkalia mapajani. Kaka alimwelekeza namna ya kuonyesha namba pembeni mwa skrini, ile inayohesabu picha zinazopita kila sekunde.

"Inasomaje?"

"Thelathini."

"Endesha gari uingie mjini penye majumba mengi. Sasa?"

"Thelathini."

"Toka uende jangwani, pasipo na kitu."

"Thelathini, kaka. Haipandi wala haishuki."

Kaka akaguna. "Mashine mgonjwa, dada, inapanda na kushuka kama homa. Penye vitu vingi inahema, penye uwazi inakimbia. Hii yako imesimama palepale kama askari wa geti. Hiyo haiumwi. Kuna mtu kaifunga."

"Kaifunga vipi?"

Alimwongoza hadi kwenye mipangilio ya kadi ya picha, ndani kabisa, mahali asipofika mtu kwa bahati mbaya. Hapo palikuwa na kikomo. Thelathini. Na faili lililohifadhi mpangilio huo lilionyesha tarehe kikomo kilipowekwa: siku ile ya rasta kwenye feni.

Akakitoa. Namba ikaruka hadi mia na kitu. Gari likateleza kwenye kona kama sabuni kwenye sinki, na vidole vyake, vidole vile vile alivyovionea aibu, vikaishika breki mahali pake hasa.

Binti yake akapiga makofi. Yeye akalia. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga; hiki cha kwake kilimsogezea kiti.

Alipanda ngazi zile asubuhi, mbeleko tupu begani. Fundi alimwona kwa mbali, akasukuma kiti. Hakukikalia.

"Dokta, mgonjwa wangu kapona."

"Kweli? Umefanyaje?"

"Nimemfungua kamba."

Uso wa fundi ukabadilika. Alitazama huku na huku, wateja wakasita, akamvuta kando penye rundo la skrini mbovu.

"Nisikilize, mpenzi wangu..."

"Usiniite hivyo. Kwa nini?"

"Siku ile nilipoisafisha ilipaa. Nikawaza, ikienda nyumbani hivi, huyu mama simwoni tena. Nikaweka kikomo urudi mara moja tu, nipate la kusema. Ukarudi. Nikashindwa kukitoa."

"Si ungeniambia tu, kama wanaume wengine?"

"Niliogopa."

"Na tulipozoeana? Ulipoongea habari za Jumapili? Bado ulikuwa unaogopa?"

"Ndipo nikaogopa zaidi. Nilijua nikisema utaondoka."

"Nilikuuliza hapahapa!" Sauti yake ilipanda, duka likanyamaza. "Nilikuuliza, au ni mimi? Ulikuwa na jibu mfukoni ukafuta kebo! Nikarudi kwangu nikavitazama vidole hivi vinavyomlisha mwanangu, nikaviona vibovu. Kuna mtu aliwahi kuniita mzito, nikamsamehe kwa sababu hakunijua. Wewe ulijua."

Fundi alinyoosha mkono kumshika, naye akarudi nyuma.

"Jumapili usije."

Aliposhuka zile ngazi, kila mtu alimpisha, na mgongoni hakuwa na mtoto yeyote.

Jumapili ilifika. Mama yake alikuwa ameyafua mapazia, akayatundika yakiwa bado yananukia sabuni. Walikaa, wanawake watatu wa umri tofauti, wakayatazama yakipepea.

"Mgeni vipi?" mama aliuliza.

"Haji."

"Kakupiga?"

"Hapana, mama."

"Ana mke?"

"Hapana."

"Basi nini?"

Akasimulia. Mama alisikiliza, akashusha pumzi. "Mwanangu, aliyekuficha ukweli kwa mapenzi na aliyekuficha kwa ubaya, wote wamekuficha. Sikwambii umrudie, sikwambii umwache. Nakwambia mtazame atafanya nini akiwa hana faida nawe."

Simu ya fundi iliita, ikaita, ikaachwa. Ujumbe ulikuja haukusomwa. Kisha ikanyamaza, na ukimya huo nao ukamuuma, akajichukia kwa kuumwa nao.

Siku moja mchana, mkono umejaa nywele za mteja, akapigiwa na Kepteni.

"Mdogo wangu, huyo fundi wako ana wazimu?"

"Si wangu."

"Sasa huyo asiye wako kaja ukumbini, watu wamejaa pomoni. Kasimama katikati, kasema: 'Mashine ya Mama Mapacha niliifunga mimi, kwa makusudi, na yeye hakujua. Mkono wake hauna kasoro. Kasoro ni yangu.' Na bosi wake alikuwa palepale anakunywa soda!"

"Hee! Akasemaje?"

"Bosi? Kamnyang'anya bisibisi mbele za watu. Amewekwa auze kebo, haruhusiwi kugusa mashine ya mteja. Watu wengine wamekimbilia kuchukua zao, si unajua wanadamu. Mimi nikamuuliza, 'Kakutuma yeye?' Akasema, 'Hapokei hata simu zangu.'" Kepteni akakohoa. "Hayo yenu mtayajua wenyewe. Mimi ninachotaka, njoo nikupime upya. Nilikuita mzito, na kosa si lako."

Alikwenda na gauni lile la bluu, mashine mgongoni. Alipokaa na kushika kibodi, moyo ulimdunda mpaka akadhani jirani anausikia. Gari likaondoka. Kona ya kwanza, ya pili, kisha ile ya ukuta. Alibonyeza, gari likaitika papo hapo. Ukuta ukabaki kando ukimtazama.

Kepteni alisimama nyuma yake hadi mwisho wa mbio, mikono kiunoni. Aliposema, alisema jambo moja tu.

"Jezi unavaa saizi gani?"

Wenzake wakampigia vigelegele. Alicheka, akakumbatiwa, na katikati ya furaha ile macho yake yakaenda mlangoni. Hapakuwa na mtu. Fundi angeweza kuja kujionyesha apate sifa za kutubu. Hakuja.

Nyumbani alimlisha binti yake, akamnawisha, ndipo akaichukua simu. Iliita mara moja tu.

"Haloo?" Sauti ya mtu aliyeacha kutegemea.

"Dokta, mashine yangu ina tatizo."

"Siruhusiwi kugusa mashine za watu."

"Nakwambia ina tatizo."

"Tatizo gani?"

"Haina ugonjwa wowote. Sasa nitapanda huko kwa kisingizio gani?"

Kikasikika kitu kama kicheko kilichochanganyika na kilio. "Njoo bila kisingizio. Kiti chako kipo, sijamkalisha mtu."

"Siji. Nimeshapanda hizo ngazi za kunitosha. Na nisikilize vizuri: bado nina hasira na wewe. Sijaimaliza, na utaikuta mlangoni." Alimtazama mama yake, aliyekuwa uani na beseni akijifanya hasikii. "Ila mama kafua tena mapazia."

"Jumapili?"

"Jumapili. Bisibisi uiache huko huko."

"Walishaninyang'anya."

"Vizuri. Njoo mikono mitupu."

"Na mashine ikija kukwama siku nyingine?"

"Nitaifungua mwenyewe. Wewe kazi yako ni moja, nikikuuliza swali, unijibu."

"Nitakujibu."

"Hata kama jibu litanifanya niondoke?"

"Hata kama."

Akavuta pumzi. "Haya. Je, unani..."

"Nakupenda," alisema fundi, kabla swali halijaisha, bila kuchelewa hata kidogo.