Mgeni wa Kwenye Koili

Walitoka kichuguuni kwa mstari mmoja, sisimizi wa chuma, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama. Wakapanda ukutani, wakaingia ndani ya kiyoyozi cha dirishani kama walioalikwa karamuni. Kichuguu chenyewe kilikuwa kijisanduku cheupe, ukubwa wa kopo la majani ya chai. Humo ndimo ilimokaa akili yao, na ndicho kilichowasemea. Kila sisimizi alikuwa na pua. Alinusa koili, yale mabomba membamba yanayopoza hewa, akatambua vumbi, akatambua ukungu, akala.

Nasra ndiye aliyewaunda. Asubuhi hiyo alishuka Tanga kwa treni ya sumaku, kwa kuwa kifua cha mama yake, Bi Mwanakhamis, kilikuwa kikipiga mluzi. Daktari alishasema ukungu unatoka kwenye kile kiyoyozi, na kisiposafishwa mapafu hayatauvuka msimu wa joto. Na joto la miaka hiyo hukai nalo hivi hivi. Majirani walikuwa na kuta zinazojipoza zenyewe. Bi Mwanakhamis alizikataa, na kila fundi aliyekuja kusafisha alimpa chai akamrudisha alikotoka. Mwanawe ndiye aliyemshinda.

Basi sisimizi wakasimama.

"Kuna kitu si vumbi wala ukungu," kikasema kichuguu. "Sikijui. Nikiondoe?"

Bi Mwanakhamis akacheka. "Kumbe nacho kinatega vitendawili. Haya, Nasra, tegua. Mgeni wangu hali, halali, hashikiki. Nikiwasha mashine, anakuja kunikumbatia."

Nasra akasogeza pua. Udi.

Pale pale akamwona baba yake, marehemu Mzee Shekue, kila usiku wa kuamkia Ijumaa akiweka chetezo kwenye kigoda chini ya kiyoyozi, ili mashine ivute moshi na kuifukiza nyumba yote, naye asizunguke chumba kwa chumba. Watu walimwita mvivu. Yeye akawajibu kwamba wao wanahangaika na vyetezo, yeye ana mtumishi. Tangu afe, mkewe hakuchoma udi mwingine. Alitaka harufu ya ule wa mumewe idumu.

Jibu Nasra akalijua. Udi una mafuta. Mafuta yaliganda kwenye koili, vumbi likanasa kwenye mafuta, ukungu ukaota juu yake.

"Mama, ukungu umelelewa na udi wa baba. Siwezi kuondoa kimoja nikaacha kingine."

Mama mtu akakitazama kiyoyozi. "Yaani ameondoka, bado ananikalia kifuani," akasema, na kicheko kidogo kikamtoka pamoja na kikohozi. "Waite watoto wako wa chuma watoke. Baba yako hakuoshwa na mashine."

Sisimizi wakarudi kichuguuni. Mama na mwana wakachomoa waya, wakakivuta kiyoyozi kutoka dirishani, wakakilaza sakafuni juu ya kanga kuukuu ili maji yasisambae. Nasra akamfunga mama yake kitambaa puani. Bi Mwanakhamis akachovya brashi laini kwenye maji ya sabuni ya uvuguvugu, akasugua taratibu kutoka juu kwenda chini, asipinde vibati vyembamba vya koili, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Maji yakatoka meusi kama kahawa. Harufu ikapanda, ikajaa chumba kizima, ikawa Alhamisi jioni.

Akashusha kitambaa. "Mara moja tu," akasema, na Nasra hakumkataza.

Walipokirudisha na kukiwasha, hewa ilitoka baridi, haina harufu ya chochote. Bi Mwanakhamis akavuta pumzi mpaka mwisho. Kikohozi alichokingojea hakikuja. Akafuta macho, akainama, akaikamua ile kanga iliyokunywa maji ya udi, akaikunja, akaibana kwapani.

Kichuguu kikanusa. "Kanga ina uchafu. Niisafishe?"

Mama akaibana zaidi.

"Hapana," akajibu Nasra. "Hiyo ni safi."

Akaipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo uani kuianika juani.