Mize na Ukoo wa Matone Matatu

Haya, sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, toa kidole puani. Tunaanza.

Mize ana miaka minane. Kwao ni Tanga, lakini anaishi Japani na baba yake na mama yake.

Shuleni Mize anasoma kanji. Kanji ni maandishi ya Kijapani. Kila moja ina maana yake, na kila moja ina vijistari chungu nzima, utadhani kuku kakanyaga wino akapita.

Kanji ziko ngapi? Usiulize. Ni nyingi, nyingi, nyingi mno!

Mize akizisoma, zinaingia sikio hili, zinatokea sikio lile. Fyuu! Zimekwenda.

Sasa sikilizeni alichokifanya. Siku moja Bibi alipiga simu kutoka Tanga. "Mjukuu wangu, umeshajua kusoma Kijapani?"

"Nasoma kanji zote, Bibi!" alisema Mize.

Mwongo huyo!

Bibi akafurahi. Akawaambia majirani. Akamwambia muuza samaki. Kisha akapanda ndege, akaja kujionea mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ijumaa nakuja shuleni kwenu kukusikia!"

Maana Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi. Siku hiyo wazazi husimama nyuma ya darasa, kimya kabisa, wakitazama. Watoto husoma kadi za kanji, mmoja mmoja. Kadi kumi na tano!

Mize akakimbilia kadi zake.

Jumatatu alisoma ameketi. Zikaingia sikio hili, zikatokea sikio lile. Fyuu!

Jumanne alisoma kichwa chini, miguu juu. Fyuu! Zikatoka haraka zaidi.

Jumatano alijificha chini ya meza, akalia. Bibi akainama. "Kulikoni huko chini?"

"Bibi, nilikudanganya. Sijui kuzisoma. Ijumaa nitaaibika, na wewe utaaibika."

"Loo!" Bibi akashika kiuno. "Na mimi nimeshatamba Tanga nzima! Hebu lete hizo kadi."

Bibi akaishika kadi ya kwanza, juu chini. Hakujua kanji hata moja.

Lakini Bibi ana tabia yake. Kule Tanga, hapiti mtoto mlangoni kwake bila kusimamishwa. Bibi humtazama pua. Humtazama paji la uso. Kisha humuuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Na kabla mtoto hajajibu, Bibi keshajua. "Aa! Pua hiyo ya akina Mbwana!"

Basi Bibi akaikazia macho ile kadi. "Wewe mtoto wa nani?"

Kadi ikanyamaza. Haina adabu.

"Mize, njoo uone," alisema Bibi. "Hii ina vitone vitatu ubavuni. Tone, tone, tone. Na hii pia. Na hii! Hawa ndugu hawa!"

Mize akatoka chini ya meza. Akazigeuza kadi, akasoma maana zake nyuma. Bahari. Wimbi. Ziwa. Kuogelea. Mafuta.

"Wote majimaji!" alisema Bibi. "Ukoo wa maji huo. Waweke hapa." Paa!

"Wewe mtoto wa nani?" Mize aliuliza kadi nyingine. Ilikuwa na kijiti chenye matawi ubavuni. Daraja. Nguzo. Mzizi. Ubao. Kupanda mche.

"Ukoo wa mti!" Paa!

Zikabaki kadi tano. Zote zilikuwa na mkono mdogo ubavuni. Kupiga. Kutupa. Kuokota. Kushika. Na kidole.

"Ukoo wa mkono," alisema Bibi. "Watundu watupu! Hawa hata harusini usiwaalike."

Mize akacheka mpaka akashika mbavu. Alhamisi alizirudia zote, ukoo kwa ukoo. Safari hii kanji zikatulia kichwani.

Ijumaa ikafika. Bibi akaingia darasani na ndala za wageni za shule. Kwacha, kwacha, kwacha. Akasimama nyuma na wazazi wengine.

Mwalimu Ogawa akainua kadi. "Daraja!" alisema Mize.

Akainua nyingine. "Kidole!"

Akainua ya tatu. Wewe mtoto wa nani? Tone, tone, tone. Wa maji! Lakini yupi? Mize akatafuta kichwani. Hakuna kitu.

Bibi akauma ncha ya mtandio wake.

Mize angeweza kubahatisha kwa sauti kubwa, ajifanye anajua. Lakini alishachoka na uongo.

"Hii siijui, Mwalimu," alisema. "Ila najua ni ya ukoo wa maji."

"Ukoo?" Mwalimu Ogawa akashangaa.

Mize akaenda mbele, akazipanga kadi zote ubaoni, akizisoma zilizobaki moja moja. Maji huku. Mti huku. Watundu kule.

Watoto wakasimama kutazama. Kenta, ambaye hakuwa amejua hata moja, akapiga kelele, "Ile ina mkono! Ile ni mtundu!"

Mwalimu akacheka, akapiga makofi. "Ile iliyokushinda ni ziwa, Mize. Na mpango wako huu, darasa zima tutautumia."

Wazazi walitakiwa kukaa kimya. Bibi akapiga kigelegele. Lililililili! Wazazi wote wakaruka.

Jioni Bibi alimpigia simu shoga yake, Bi Mashavu. "Amesoma! Zote? Hapana, moja hakuijua. Akasema haijui, mbele za watu! Nimeona fahari mpaka nimelia, shoga yangu."

"Na wewe Kijapani chako?" aliuliza Bi Mashavu. "Si ulituambia unakizungumza kama maji?"

Bibi akakohoa. Mize, aliyekuwa karibu akisikia yote, akageuka.

"Bibi! Na wewe?"

"Nilitia chumvi kidogo tu," alisema Bibi, akitazama dari.

"Kaa hapa," alisema Mize. "Tunaanza na ukoo wa maji."

Kadi ya kwanza, Bibi akarudia. Kadi ya pili, akapiga miayo. Kadi ya tatu... khoroo, khoroo, khoroo.

Mize akamvua miwani polepole. Akamfunika kanga, akazima taa.

"Lala, Bibi," alinong'ona. "Hata mimi mwanzo ziliniruka."

Basi, mimi nimemaliza. Kapigeni mswaki mlale, na asinidanganye mtu kuwa keshapiga.