Kocha Aliyechumbia Mkono wa Kushoto

"Colby, goti linakuuma?"

"Goti?" Colby aligeuka mlangoni, begi la mazoezi begani. "Mama, mimi ni mrushaji. Nikiumwa nitaumwa kiwiko, au bega. Goti la nini?"

"Basi nenda, utachelewa."

Darla Hutto akabaki jikoni peke yake na simu mkononi. Akausoma tena ule ujumbe, polepole.

"Habari za asubuhi, jua langu. Nimewaombea wewe na magoti ya kijana. Mwambie asichuchumae sana wiki hii. Nakupenda. Jumatano ikipita nakuja na pete. B."

Huyo B. ni Brent Lassiter, kocha msaidizi wa timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Brantwell. Kazi yake ni kuzunguka jimbo zima la Georgia, Marekani, akiwabembeleza vijana wa sekondari wachague chuo chake. Meno yake meupe kuliko mlango wa friji. Suruali inapigwa pasi mpaka inatia huruma. Ukimtania, anacheka kabla hujafika mwisho, maana hakusikilizi, anasubiri zamu yake ya kuongea. Ndivyo alivyo, na bado wanawake wenye akili zao walimpikia.

Darla alikuwa mmoja wao. Mumewe alishaondoka zamani, akahamia Tampa na mwanamke wa duka la matairi. Tangu hapo Darla alisuka na kukata nywele za mji mzima, akamlea Colby, akasahau kama yeye naye ni mtu. Colby akakua mrefu, akawa anarusha mpira kwa mkono wa kushoto kwa kasi ya kutisha, na vyuo vikaanza kupiga simu. Juni akaja Lassiter. Alikuja kwa ajili ya mkono, akabaki kwa ajili ya mama. Hivyo ndivyo alivyosema.

Agosti Colby akatoa ahadi ya mdomo kwa Brantwell. Picha yake na jezi nyekundu ikasambaa mtandaoni, mji ukashangilia. Lakini ahadi ya mdomo ni maneno tu. Kinachomfunga kijana ni saini, na siku ya saini ilikuwa Jumatano hiyo iliyokuwa inakuja.

"Mpaka asaini, mpenzi, tuwe kimya," Lassiter alimwambia Darla. "Kanuni haziruhusu kocha awe na mzazi wa mchezaji anayemtafuta. Tukijulikana, anayeumia ni Colby."

Kanuni ipi, hakuwahi kusema. Darla naye hakuuliza, alikuwa amenogewa.

Sasa alikuwa amesimama jikoni anajiuliza ni nani anayechuchumaa. Mrushaji anasimama. Anayechuchumaa mchezo mzima ni mdakaji, aliyejikunja nyuma ya mpigaji mpaka magoti yanaisha. Na mdakaji aliyetoa ahadi Brantwell mji ule alikuwa mmoja tu: Tavaris Gadson, rafiki wa Colby tangu utotoni.

Mama yake Tavaris ni Vernice. Kila mechi alikaa jukwaani bega kwa bega na Darla.

* * *

Siku hiyo hiyo, Jumamosi, vijana walikuwa na mechi. Vernice alikuwa ameshafika, kamwekea Darla mto wa kukalia na mfuko wa karanga za kuchemsha katikati yao.

"Tavaris anaendeleaje na magoti?" Darla akauliza.

"Anayawekea barafu kila jioni. Kwa nini?"

"Kuna mtu anayaombea."

Akampa simu. Vernice akasoma. Akaacha kutafuna. Akatema ganda la karanga kwenye kikombe, akajifuta vidole taratibu, akafungua mkoba wake akatoa simu yake.

"Hii nimeipata leo asubuhi. Nikasema labda mtu ana haraka."

"Malkia wangu, kiwiko cha kijana kipumzike. Asirushe hata mpira mmoja mpaka Jumatano. Nakupenda. Nikija nakuja na pete. B."

Uwanjani Tavaris alidaka mpira wa Colby, watu wakapiga makofi. Mama zao hawakupiga.

"Anakuita malkia?" Darla akasema.

"Si wewe anakuita jua?"

"Alikwambia usimwambie mtu?"

"Kanuni," Vernice akajibu.

"Kanuni," Darla akarudia.

"Kwako anakuja lini?"

"Jumanne. Nampikia kuku."

"Kuku? Mimi aliniambia daktari kamkataza kuku. Alhamisi nakaanga samaki, anakula mpaka mkia."

"Kwa hiyo alitukopi," Darla akasema. "Kama makocha wanavyowaandikia watoto. Ujumbe mmoja, wanabadilisha jina, wanatuma kwa mia."

"Na hata kubadilisha kumemshinda. Mwanaume mzima hajui nani ana kiwiko na nani ana goti." Vernice akarudisha simu mkobani. "Mimi nimemaliza naye, Darla. Nilimzika mume wangu, mwanaume wa kweli. Siwezi kumlilia huyu muuza meno. Na wewe?"

Darla akachukua karanga, akaimenya, hakuila.

"Na mimi pia," akasema.

Alikuwa anadanganya. Mcheke ukitaka, lakini kila aliyewahi kupenda mjinga anajua njia aliyopitia. Moyoni alikuwa anajiambia kwamba kati ya wanawake wawili lazima mmoja awe kazi na mmoja awe mapenzi. Na kwa nini mapenzi asiwe yeye?

* * *

Alimpigia akiwa bado kwenye gari, nje ya uwanja.

"Brent, magoti ya nani?"

Kikaja kile kicheko.

"Ah, jua langu. Nimekuchanganya. Nilikuwa namwandikia mama Gadson mambo ya mwanae, mawazo yakaruka."

"Na yeye unampelekea pete?"

"Umeongea naye?"

"Nijibu kwanza."

"Sikiliza, mpenzi. Yule ni kazi. Mdakaji humpati mpaka umpate mama yake, ndivyo biashara ilivyo, sikuitunga mimi. Namsemesha vizuri, asaini, yaishe. Wewe ni tofauti."

"Mama wa mrushaji anapatikanaje?"

"Darla, usinifanyie hivyo. Wewe ndiye moyo wangu. Jumatano mtoto akisaini, jioni niko mlangoni kwako na pete. Mji mzima uone."

"Na asiposaini?"

"Hawezi kukosa kusaini. Picha imeshatoka."

"Nimeuliza asiposaini."

"Mbona unaongea mambo ya ajabu? Kapumzike, tutaongea ukitulia."

Akakata. Darla akakaa na ile simu. Aliona wazi kwamba swali halikujibiwa, na bado kuna upande wake ulioshikilia lile neno moyo. Alijichukia kwa hilo. Ila kujichukia hakukumsaidia.

Jumapili baada ya kanisa akamwita Colby mezani, akamweleza yote, kuanzia kuku wa Jumanne mpaka malkia wa Alhamisi. Colby alisikiliza ameinamisha kichwa, masikio mekundu.

"Kwa hiyo Kocha akiongea na mimi kuhusu urushaji, kumbe alikuwa anakutazama wewe," akasema mwishowe.

"Pole, mwanangu."

"Mama, naomba nikwambie kitu usikasirike. Mimi Brantwell sikuipenda. Nilitaka Ludlam."

"Kale kachuo? Saa moja tu kutoka hapa?"

"Ndiyo, mama. Mzee Pickens, kocha wa kule, aliniambia mpira wangu wa kupinda haupindi kitu, ila nikienda atanifundisha. Brantwell kila mtu alinisifu, hakuna aliyenifundisha."

"Sasa ahadi ulitoa ya nini?"

Colby akakuna kiganja chake.

"Kocha alipoanza kuja, ukawa unaimba ukiosha vyombo. Tangu baba aondoke ulikuwa hujaimba. Nikasema kama nikienda Brantwell utaendelea kuimba, basi."

Darla alinyanyuka, akajifanya anatafuta chumvi. Hakuna kilichokuwa kimewahi kumuumiza vile, hata talaka. Alikuwa amekaribia kumuuza mtoto miaka minne ya chuo kwa ajili ya mwanaume ambaye hajui kiwiko ni cha nani.

"Jumatano chukua kofia unayoitaka," akasema. "Tena usimwambie mtu. Nataka huyu bwana anipende bila mkono wako, nimuone."

"Si vizuri niwapigie Brantwell mapema?"

"Wangekuwa wao wanakuacha wewe, wangekutumia ujumbe tu. Kama wangekumbuka jina."

* * *

Jumatano ukumbi wa michezo wa shule ulijaa. Meza mbele, kitambaa, kipaza sauti, na kofia za vyuo vilivyowaita zimepangwa mbele ya kila kijana: nyekundu ya Brantwell, bluu ya Ludlam. Hivyo ndivyo wanavyofanya kwao. Kijana anapapasa hii, anapapasa ile, bibi zake wanashika vifua, kisha anavaa moja, anasaini, watu wanalia kama harusini. Shule ilikuwa inarusha moja kwa moja mtandaoni, na kule Brantwell makocha walikuwa wamekaa mbele ya televisheni ya ofisini.

Pembeni kulikuwa na keki mbili kubwa nyekundu. Akina mama walishaziagiza tangu Septemba, na sasa haikuwezekana tena kubadilisha rangi.

Simu ya Darla ikatetemeka. "Leo ndiyo leo, mke wangu. Nakuona kwenye televisheni. Gauni limekukaa."

Mke wangu. Darla akafunga macho kidogo. Ukimuuliza leo atakuambia hakuhisi chochote. Alihisi.

Colby akavuta kipaza sauti.

"Nawashukuru wote. Nilitoa ahadi sehemu, na naomba radhi, naibadilisha." Akachukua kofia ya bluu, akaivaa. "Naenda Ludlam."

Ukumbi ukaguna. Colby akasaini, na mkuu wa shule pale pale akaipiga picha ile karatasi akaituma Ludlam. Darla alikuwa nyuma ya kiti cha mwanae, simu mkononi. Alikuwa anahesabu moyoni kama anavyosubiri dawa ya nywele ishike. Simu ikaita.

Akaipokea kwa spika, akaiweka mezani, karibu na kipaza sauti.

"Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Mimi nimesimama tu, Brent. Aliyesaini ni mwanangu."

"Nilishamwambia bosi tuna mkono wa kushoto! Miezi yote hii nimekula kuku wako mkavu kwa sababu ya huo mkono!"

Ukumbi mzima ukasogeza shingo mbele. Hata watoto wadogo.

"Na pete?" Darla akauliza, kwa sauti ndogo, maana kweli alitaka kujua.

"Pete gani? Nani anamvisha pete mama wa kijana wa Ludlam? Bora hata yule Gadson, angalau samaki anajua kukaanga. Hebu sogea hapo, Tavaris anasaini, usije ukamvuruga na yeye."

Vernice akainama mezani, mkono umeshika mkufu wake usigonge kipaza sauti.

"Hujambo, Brent. Ni malkia."

Kule upande wa pili kikasikika kiti kikisukumwa, kisha sauti nyingine, nzito, ya mtu mzima aliyechoka.

"Lassiter. Nimetoka chooni nakuta unatangazwa kwenye televisheni ya ofisi yetu. Kata simu. Njoo ofisini kwangu na ufunguo wa gari la chuo."

Simu ikakatika. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wa pili, kisha ukumbi wote ukaangua kicheko. Mchungaji alijitahidi kukohoa, akashindwa.

Tavaris alikuwa bado amekaa na kofia mbili.

"Mama," akamnong'oneza Vernice, "Ludlam si wanatafuta mdakaji?"

"Mwanangu, usiniulize mimi. Maisha ni yako."

"Colby namjua anavyorusha," Tavaris akasema, akavaa ya bluu. Kofia nyekundu aliisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikaanguka chini ya meza, na hakuna aliyeinama kuiokota.

* * *

Keki walizila hivyo hivyo, nyekundu. Vernice alikata ya kwanza kuanzia kwenye nembo ya Brantwell.

"Unalia?" akamuuliza Darla.

"Nimejidharau, Vernice. Mimi mwenyewe. Ulijua Jumamosi, mimi nikasubiri mpaka leo, mbele ya watu."

"Mimi nilishazika, ndiyo maana nilijua haraka. Wewe ulikuwa na njaa. Ungemwambia nani?"

"Wewe. Ulikuwa umekaa pale pale."

"Basi mara nyingine niambie mimi. Shika kisahani."

Simu ikatetemeka tena. Yeye. Darla akasogea pembeni kusoma.

"Darla, nimesema kwa hasira. Ukweli ni kwamba nakupenda, sijawahi kumpenda mwanamke kama wewe."

Akaisoma hiyo mara mbili. Kidole, nasema ukweli, kikasogea kwenye herufi. Alifikiria mlango wa nyumba yake, jioni, na mtu amesimama pale kwa ajili yake.

Ujumbe wa pili ukaingia.

"Kama ile karatasi haijatumwa, ichaneni, tuongee. Bosi anaweza kunisamehe."

Darla akatazama upande wa meza. Colby alikuwa anamwonyesha Tavaris jinsi ya kushika mpira, kofia ya bluu imeelekea kisogoni, midomo ya wote wawili imejaa rangi nyekundu ya keki. Darla akaandika neno moja.

"Imetumwa."

Akaifungia namba yake, akarudi kuchukua kisahani chake.