Matundu ya Bati la Gerezani

Rafiki yangu Sitara alipewa notisi ya kuhama chumba alichopanga na wanawe, akaenda mtaa wa Gerezani kukagua nyumba kuukuu inayouzwa. Ilikuwa mchana. Fundi aliyekwenda naye alifunga madirisha yote ili mwanga wa jua uonyeshe bati limetoboka wapi. Vikatokea vitone vichache vya mwanga gizani.

"Hivi vinazibika, dada," fundi alisema.

Ndipo vitone vikaanza kuzimika, kimoja kimoja, kuja upande wao. Bati kuukuu hulia hata paka akipita. Lile halikulia.

"Dada, tutoke. Achana na nyumba hii."

"Wanangu watalala wapi?" Sitara alijibu, bila kusogea.

Kitone cha mwisho kilikuwa juu ya kichwa chake. Kikazimika, na vile vilivyotangulia kuzimika havikuwaka tena.