Wanja kwenye Jicho la Kamera

Rafiki yangu Narottam, fundi wa kompyuta katika mji wa Bhaktapur, alinisimulia jambo hili mara moja tu.

Jirani yake, Mama Tulasa, alimwita aisafishe kompyuta ya bintiye, Ujeli. Mtu asiyejulikana alikuwa akimwandikia binti huyo kumtajia rangi ya nguo alizovaa chumbani, na usingizi ulikuwa umemhama. Narottam alifuta kila kitu, akaweka programu upya, akabadili nywila na kukata mtandao.

"Humu hapiti mtu tena," alisema.

"Na hilo jicho?" Mama Tulasa akaonyesha kamera iliyo juu ya skrini.

"Libandike karatasi, shangazi."

"Karatasi! Wewe ulipokuwa mchanga mama yako alikubandika karatasi?" Akacheka, akachovya kidole kwenye wanja, akatia doa jeusi juu ya kamera, kama watoto wanavyotiwa kwenye paji kukinga kijicho.

Mara umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua, na giza likawakuta wote watatu, Ujeli akiwa kando ya mama yake, pale pale walipoketi. Kompyuta ilikuwa imezimika. Ndipo wakasikia kitu kikisugua kioo, polepole, kama mtu anayeondoa doa kwenye sahani.

"Kaka, acha basi," Ujeli akanong'ona.

"Sijagusa kitu, mdogo wangu."

Umeme uliporudi, doa lilikuwa limefutwa, imebaki michirizi. Narottam akapitisha kidole juu yake, kikatoka safi. Michirizi ile, pamoja na alama ya kidole gumba, ilikuwa upande wa ndani wa kioo.