Bata Amelala

Habari hii ilimpata Apolline, jirani yetu hapa Kasongo, na ilianza kwa kicheko. Nalisema hilo mapema kwa sababu wasimulizi wa mambo ya namna hii hupenda kutanguliza bundi na mbwa wanaobweka gizani. Hapakuwa na bundi. Palikuwa na nyumba ya matofali yenye bati jipya, televisheni ndogo, na watoto wawili wa kike waliozaliwa siku moja, mapasa kama tunavyowaita hapa, ambao walikuwa hawajatimiza miaka mitatu.

Televisheni aliileta Blaise, mume wake. Kazi ya Blaise ni kupeleka mawese na mchele kwa pikipiki kwa wachimba dhahabu wa Salamabila, na safari moja alirudi na hiyo tele imeviringishwa katika blanketi, pamoja na paneli ya jua na betri. Katika flashi aliyopewa na muuzaji mlikuwa na katuni moja tu ya watoto. Ilikuwa ya bata mdogo mwenye viatu vyekundu, aliyeimba kwa Kifaransa, na kila alikokwenda alikuwa na njaa.

Basi wazazi hao wakakoma. Jogoo wa kwanza akiwika, Sarah-Grâce ameshamshika mama yake pua. "Mama, washa." Apolline akiwa anatwanga, "Mama, washa." Akiwa anaoga, sauti inapita chini ya mlango, "Mama, washa." Wimbo wa bata ulimwingia kila mtu kichwani, hata Blaise alijikuta akiuimba kwa sauti kubwa katikati ya Salamabila huku akishusha madumu ya mawese. Wachimbaji wakamwita Baba Bata, na jina hilo likamfuata hadi Kasongo.

Plamedi, pacha wa pili, alitazama kimya kama yuko misani. Lakini Sarah-Grâce hakuweza kuvumilia kumwona mtu ana njaa. Akipewa wali na mawese, alijaza kiganja, akaenda kwenye kioo na kumpaka bata chakula mdomoni. "Bata, kula."

"Ile tele iko inakula vizuri kuliko mimi," alisema Blaise akicheka mpaka machozi.

"Cheka tu, baba. Si weye unapangusa."

Na kweli Apolline ndiye aliyepangusa. Kila siku alichukua kitambaa, akanung'unika, akafuta vidole vitano vya rangi ya machungwa kwenye kioo, na kesho yake vilikuwa pale tena.

Kuizima ndiko kulikokuwa kazi. Walilia mpaka majirani tukachungulia. Apolline akabuni uongo wake mdogo, akawaambia, "Bata amelala." Hilo lilieleweka. Sarah-Grâce alikuwa anatafuta kipande cha kitenge, anamfunika bata, anaweka kidole mdomoni na kumnyamazisha kila mtu, hata baba yake. Na wakati wa kuwasha ulipofika, Apolline aliwaita wote wawili kwa pumzi moja, kila jioni, bila kufikiri: "Sarah na Plamedi, mukuje, bata anaanza!"

Katikati ya majira ya mvua, homa ikamshika Sarah-Grâce. Damu ikamwishia. Alikufa asubuhi mikononi mwa baba yake, jua likiwaka vizuri na betri imejaa.

Kwa pacha hatusemi amekufa. Tunasema ameenda kutembea. Tena, mpaka matanga yaondolewe, jina lake haliitwi ndani ya nyumba, maana aliyeenda kutembea bado yuko karibu, akiitwa atageuka. Hilo tunalijua sote, na Apolline alilijua. Vilevile nyumba yenye kilio haipigi muziki wala haiwashi kitu cha kuchekesha.

Lakini nani amwambie hayo Plamedi? Mtoto alimtafuta mwenzake chini ya kitanda. Alimtafuta nyuma ya mlango, akamtafuta ndani ya sufuria kubwa. Alilia mpaka sauti ikapotea, ikabaki pumzi tu. Wanawake waliokaa uani kwenye mikeka walikuwa wameishiwa maneno. Apolline hakuwa amelala wala kula, na kichwa chake kilikuwa kizito. Aliingia ndani, akawasha tele, akapunguza sauti. Kisha mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya.

"Sarah na Plamedi, mukuje, bata anaanza."

Uani wanawake wakageuza vichwa.

Mama Régina, mkwe wake, mzee aliyetoka Lusangi kuja kwenye kilio, alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Mama Mapasa," alinong'ona. "Umeita nani?"

Apolline alijiziba mdomo kwa mkono.

"Umeshamuita. Sasa umwambie aende. Weye mwenyewe, mama yake. Mutu mwingine hawezi."

"Nimufukuze mutoto wangu?"

"Si kumufukuza. Ni kumusindikiza."

"Siwezi, mama. Usiniombe hiyo."

Mama Régina alitaka kusema tena, ila macho yake yalikuwa yamefika kwenye mkeka. Plamedi alikuwa amenyamaza. Alijisogeza, akakaa upande wa kushoto, ukingoni kabisa, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Sitamficha Apolline. Alifurahi. Wengine tungeogopa tukakimbia, lakini yeye aliitazama ile nafasi tupu na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Mzee alipokuwa anaondoka kurudi Lusangi alimsihi tena, akamfundisha maneno ya kusindikiza. Apolline aliitikia ndiyo kwa kichwa, na hakufanya.

Ikawa kila jioni anawasha. Anakaa nyuma yao na kusuka ukindu bila kuutazama. Bata akiteleza kwenye matope, Plamedi anacheka. Halafu kinafuata kicheko kingine, chembamba zaidi. Plamedi wakati huo amefunga mdomo.

Na kwenye kioo, asubuhi, vidole vitano vya mawese.

Apolline alivipangusa akilia na kutabasamu. Alijiambia ni Plamedi, anamuiga mwenzake. Siku moja mafuta yaliisha nyumbani, wakala mboga kavu. Asubuhi vidole vilikuwepo.

Aliyeona hatari alikuwa Blaise. Alirudi kutoka safari, akamnyanyua mtoto, akakaribia kumrusha juu ya dari.

"Apolline. Huyu mutoto hana kilo."

"Anakula. Kila siku anamaliza sahani."

"Inaenda wapi?"

Walimpeleka kupimwa. Hakuwa na homa wala minyoo, hawakupata kitu. Waliporudi Blaise alijificha nyuma ya pazia amwone akila. Plamedi alichukua tonge, akalinyoosha upande wa kulia wa mkeka, mahali pasipo na mtu, akasubiri. Akarudisha mkono mtupu. Alifanya hivyo mpaka sahani ikawa nyeupe. Hakujiwekea hata punje moja mdomoni.

Blaise alitoka nyuma ya pazia, akang'oa waya wa betri. Plamedi alipiga ukelele mmoja, macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa. Apolline alimsukuma mumewe na kurudisha waya. Mtoto akalegea, akakaa ukingoni mwa mkeka na kutazama bata.

"Unamuchagua nani?" Blaise alimuuliza mkewe kwa sauti ndogo. "Mwenye kufa ama mwenye kupona?"

"Wote ni wangu."

Kulipokucha Blaise alipakia madumu yake akaenda Salamabila, maana njaa ya nyumba haingoji, na alikuwa ameanza kuiogopa nyumba yake mwenyewe.

Mvua ikanyesha mfululizo. Jua halikuonekana. Paneli haikupata kitu, betri ikafa, tele ikawa kioo cheusi tu. Ajabu ni kwamba Plamedi hakulia. Alikaa ukingoni mwa mkeka, akatazama giza la kioo, akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia.

Alasiri moja Apolline alikuwa jikoni, nje, akisonga bukari, ugali wetu. Mvua ilipiga bati kwa nguvu. Ikapungua. Akasikia wimbo.

Wimbo wa bata.

Aliacha mwiko ndani ya sufuria na kukimbia. Mlangoni alisimama. Waya wa betri ulikuwa sakafuni, ncha zake wazi, mbali na kila kitu. Tele ilikuwa inawaka. Bata hayumo. Miti hakuna. Kioo kilikuwa cheupe, na wimbo ulitoka ndani taratibu. Haukuwa wa Kifaransa. Alikuwa mtoto anayeuimba bila kujua maneno.

Plamedi alikuwa amegandisha paji la uso kwenye kioo.

Apolline alimvuta. Mtoto alikuwa wa baridi. Baridi ya maji ya mtungi. Vidole vyake vilikuwa havishiki tena, na alipoongea midomo haikufunguka vizuri.

"Mama. Sarah anasikia njaa."

Apolline alimkumbatia kifuani.

"Kule hakuna mutu wa kumulisha. Anasema nikuje."

Kwenye kioo cheupe kikatokea kivuli. Kifupi. Kikakaribia, mpaka kikajaa. Kiganja kidogo kikabandikwa upande wa ndani.

"Mama," ikasema tele. "Washa."

Apolline aliniambia mwenyewe kwamba hapo hofu ilimtoka yote. Ilibaki huzuni. Huyu hakuwa pepo, hakuwa jini, hakuwa kitu kilichotumwa na mchawi. Alikuwa mtoto wake, ameitwa akaja, amekaa mlangoni tangu siku ile akingoja kukaribishwa, na hana anayempa chakula. Na yeye, mama, alikuwa amemweka pale kwa sababu aliogopa kubaki bila yeye.

Alimbeba Plamedi mgongoni na kumfunga kwa kitenge, barabara, ili asiteleze. Alirudi jikoni. Palikuwa na wali wa mchana. Akamimina mawese juu yake, mengi, kama Sarah-Grâce alivyopenda. Akaweka sahani upande wa kulia wa mkeka, akapiga magoti.

"Sarah-Grâce. Mama yako ndiye alikuita. Kosa ni langu, si lako. Kula, mama. Kula ushibe."

Alifumba macho. Hakutaka kuona. Alisikia kitu kinachokula, na pumzi ndogo za mtoto anayekula kwa haraka asinyang'anywe. Ikachukua muda mrefu. Mgongoni, Plamedi alianza kupata joto.

Kisha, karibu kabisa na sikio lake:

"Mama, washa."

Lo, neno hilo. Alikuwa amelichukia kila asubuhi ya Mungu. Sasa angetoa macho yake mawili ili alisikie mpaka azeeke. Angeweza kusema haya, mama, nawasha. Neno moja tu. Plamedi alijigeuza mgongoni, na Apolline akahisi jinsi mbavu zake zilivyokuwa nyembamba.

Maneno ya kusindikiza ambayo Mama Régina alimfundisha yalimpotea yote. Likabaki lile moja ambalo mtoto huyu alilisadiki siku zote.

"Haiwezekane tena, mama," alisema. "Bata amelala."

Alimkaza Plamedi mgongoni.

"Amelala kabisa. Na weye sasa wende kulala. Mwenzako atabaki na mimi."

Alinyanyuka, macho bado yamefumbwa, akavua kitenge kingine alichojitanda mabegani na kukifunika kile kioo. Chini ya kitambaa, mwanga ukapungua. Mtu mdogo akafanya "shhh", kama anayemnyamazisha kila mmoja chumbani. Mwanga ukazimika.

Apolline alilia hapo hapo sakafuni mpaka tulipoingia na kumkuta, bukari imeungua jikoni, na Plamedi mgongoni akilia kwa nguvu kwamba ana njaa.

Plamedi alipona. Sasa anasoma chekechea, ni mnene, ana kelele. Matanga yaliondolewa kama inavyotakiwa, Mama Régina akiwa mbele.

Tele haikuwaka tena, hata betri ilipojaa. Blaise aliipeleka kwa Gaston, fundi wa pale sokoni, atazame kama kuna kinachoweza kuuzwa, na Apolline akaenda naye. Gaston alifungua parafujo, akatoa fremu, akanyanyua kioo cha mbele. Akakigeuza. Akakisogeza kwenye mwanga.

"Nani alishafungua hii tele kabla yangu?"

"Hakuna mutu," alisema Blaise.

Upande wa ndani, mahali ambapo mkono haufiki bila bisibisi, palikuwa na kiganja kidogo cha mawese. Punje moja ya wali ilikuwa imenasa kati ya vidole.

Gaston aliokota kitambaa chake cha kazi, akampa Apolline ili apanguse, kwani yeye hakuthubutu. Apolline alikipokea. Kisha akakirudisha, akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo, akakiacha pale.

Mafuta yalikuwa bado ya moto.