Mshono Mgongoni mwa Shemeji

Shemeji yetu kinyozi alikuwa na uvimbe mgongoni, chini kidogo ya bega, mkubwa kama limau. Miaka sita aliutania, akiuita mpangaji asiye na haraka ya kuhama. Aliyechoka ni dada yangu, mkewe. Jumanne moja asubuhi akamswaga mpaka zahanati.

Daktari aliuminya. Laini, hauumi, unateleza chini ya kidole. Akasema ni mafuta tu, hayana madhara. Atampiga ganzi na kuyatoa kwa nusu saa. Shemeji akaomba apunguziwe na ya tumboni. Nesi alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Akalazwa kifudifudi, akafunikwa gubigubi kwa shuka ya kijani yenye tundu moja. Sindano ikaingia, mgongo ukafa ganzi. Daktari akamwonya asitikisike. Nyayo zikazunguka kitanda, mlango ukalia, kisha kazi ikaanza.

Maumivu hakuna. Anavutwavutwa tu, kama mtu anayetolewa kitu mfukoni. Akapiga stori ya mteja aliyesinzia kwenye kiti akaamka hana nyusi. Hakuna aliyecheka.

"Daktari, umenuna?"

Akavutwa tena.

Mikono ilikuwa baridi. Licha ya ganzi, aliihisi. Miwili ikipanua. Wa tatu ukichimba. Wa nne ukamshika kisogo, ukamkandamiza.

Ainuke? Mgongo uko wazi. Apige kelele? Shuka imejaa mdomoni. Sindano ya kushonea ikaanza. Inaingia, inatoka. Inaingia.

Mdomo ukamsogelea sikioni. "Tulia. Bado mmoja hajaingia."

Mlango ukafunguliwa. Daktari akaomba radhi: aliitwa wodi ya wazazi ghafla, yeye na nesi, wakamfungia humo dakika ishirini. Sasa waanze.

Akafunua shuka. Nesi akaangusha treyi.

Uvimbe haukuwepo, mgongoni wala kwenye ndoo ya taka. Palikuwa na mshono wa nyuzi tisa, na hakuna fundo hata moja kwa nje.

Siku ya kumi alirudi kutolewa nyuzi. Hakuwa ametania mtu tangu siku ile. Daktari akabana uzi kwa kibano, akavuta. Ukatoka kidogo.

Kisha ukavutwa. Taratibu. Kurudi ndani.

"Usivute," shemeji akanong'ona. "Wamelala."

Daktari aliachia, kibano kikianza kujisokota mkononi mwake. Kibano kile bado kiko kwenye droo yake, kimesokotwa kama kamba.